Soarer, SL au Bentley ya kufungua paa kwa mtu wa Mtwara: jibu la anayeiendesha

Mkuu, umeuliza kama mtu anayeishi Mtwara anaweza kununua gari ya kifahari ya milango miwili, ya kufungua paa, asije kujuta. Umetaja tatu: Toyota Soarer ya V8 (injini ya silinda nane), Mercedes SL500 na Bentley Continental GTC. Wengi waliokujibu wamesema ni kuchoma hela. Mimi nina Soarer na naishi nayo Shangani, hapa hapa Mtwara. Jibu langu ni kwamba inafaa, ila si kwa sababu ulizoandika wewe. Umesema unataka kuzunguka nayo mchana, paa wazi, ule jua. Hapo ndipo nisipokubaliana nawe kabisa.

Jua la huku si la kulifungulia paa. Saa saba mchana viti vya ngozi vinaunguza mapaja, usukani unashikika kwa ncha za vidole, na kiyoyozi kinapulizia mawingu. Mchana mimi nafunga paa, natembea kama mwenye Crown yoyote. Raha ya gari hii ni alfajiri na usiku. Toka Mtwara kabla hakujapambazuka, uikute ghuba ya Mikindani maji yametulia na wavuvi ndiyo wanarudi. Barabara inapita kando ya maji pale, na ukiwa wazi unasikia hadi mtu anavyogonga kasia kwenye mtumbwi. Mwezi wa saba na wa nane, mikorosho inapochanua, ukishaiacha Mikindani kuelekea Mpapura harufu ya maua inakufuata. Unapita shamba inakuja, unaingia kijijini inapotea, unasikia moshi wa kuni na maandazi, unatoka kijijini inarudi tena. Njia hiyo nimeipita miaka mingi kwa basi na kwa gari za kazini, na sikuwahi kujua kuwa mikorosho inanukia hivyo. Mke wangu anajifunga mtandio wake vizuri, tunafika Lindi tunakunywa chai, tunarudi jua halijawa kali. Kwangu mimi hiyo peke yake inalipa kero zote nitakazokuandikia hapa chini.

Kuna na safari ndefu, na hii ndiyo kazi hasa iliyofanya gari hizi zitengenezwe. Si gari za mashindano, ni gari za kumaliza kilomita bila kuchoka. Ukitoka Mtwara kwenda Masasi, Tunduru hadi Songea ni lami mwanzo mwisho, na kipande cha Mangaka kwenda Tunduru ni kitamu: barabara tupu, pori huku na huku, injini imetulia huisikii. Tatizo liko Mingoyo kwenda Masasi. Tangu makaa ya mawe ya Ruvuma yaanze kushuka bandari ya Mtwara kwa malori, lami imeumia sana. Ukiwa nyuma ya lori la makaa, funga paa mapema. Vumbi lile likiingia kwenye mishono ya ngozi halitoki kwa kitambaa.

Sasa kero. Kubwa kuliko zote ni urefu wa gari kutoka ardhini. Matuta ya vijijini huku yamejengwa kwa kufikiria basi na lori, wala si Soarer. Mimi nayavuka kwa pembeni, tairi moja moja, na bado mengine yanagusa. Dayavesheni, zile njia za mchepuko barabara ikikatika au ikitengenezwa, ndiyo usiseme. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilikatika Somanga. Njia ilipoanza kufunguka, wenye Land Cruiser walipita, sisi wa chini tukaendelea kusubiri. Kwa hiyo kama hii ndiyo itakuwa gari yako pekee, mkuu, usinunue. Nalisema hili bila kupepesa. Uwe na nyingine ya kumpeleka mgonjwa Ligula usiku wa mvua na ya kwenda shamba Newala.

La pili ni paa. Soarer na SL500 ya kuanzia 2001 zote mbili zina paa la chuma linalojikunja lenyewe na kuingia kwenye buti. Linategemea sensa na swichi nyingi, na moja ikigoma, paa linasimama lilipofikia. Langu liliwahi kusimama nusu, buti limebinuka kwa juu, na wingu linakuja kutoka baharini. Aliyenisaidia ni fundi wa umeme wa magari wa mtaani: alifuata waya mmoja mmoja hadi akaikuta plagi iliyoota kutu ya kijani. Ni chumvi ya bahari. Ukiishi huku, fungua plagi hizo uzisafishe kabla hazijagoma, na injini iwe inawaka kila unapofungua paa ili betri isizidiwe. Halafu kuna vile vitundu vya kutolea maji ya mvua. Majani na mchanga vikiziba, maji yanaingia kwenye buti, na utagundua siku ukisikia harufu ya zulia lililooza.

Hapo ndipo SL500 ninapoikwepa. Paa lake linasukumwa na haidroliki, na mitungi yake inajulikana kwa kuvuja. Juu ya hapo, SL500 nyingi za kizazi cha 2001 hadi 2011 zina suspensheni ya mafuta yenye presha kubwa badala ya springi na shokapu za kawaida peke yake. Ikivuja ukiwa Nangurukuru, gari inalala chini na hakuna wa kukuinulia. Bentley ni nzuri, nakubali, lakini zile za mwanzo ni W12, yaani silinda kumi na mbili, yenye turbo mbili, uzito unakaribia tani mbili na nusu, na paa ni la kitambaa. Kitambaa kwa jua, chumvi na unyevu wa huku sikushauri.

Injini ya Soarer ndiyo iliyonifanya niichague. Ni 3UZ ya lita 4.3, ile ile ya Celsior na Crown Majesta, kwa hiyo spea zinatafutika Kariakoo na mafundi wanaijua. Cha kuchunga ni taimingi belti: badilisha kila kilomita 100,000, kwa sababu ikikatika valvu zinakutana na pistoni. Mafuta inakunywa. Hilo halina mjadala kwa V8.

Viti vya nyuma visahau, weka begi. Ukifungua paa, buti linabaki na nafasi ya mkoba mmoja mdogo.

Kwenye ushuru, Soarer ya kufungua paa iliuzwa Japani kwa jina hilo kuanzia 2001 hadi 2005, kisha ikaitwa Lexus SC430 hadi 2010. Maana yake hakuna utakayoipata ambayo haijavuka miaka kumi, na utalipa tozo ya uchakavu juu ya ushuru wa 25% na VAT ya 18%. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujamtumia muuzaji hela. Jua pia kwamba siku ya kuiuza, mteja utamfuata Dar. Hapa Mtwara wengi wataisifia na kupiga nayo picha, halafu wananunua Harrier.

Ukiamua, mwambie muuzaji akurekodie video ya paa likifunguka na kufungwa mfululizo, bila kukata. Aoneshe na sakafu ya buti, zulia likiwa limenyanyuliwa, na raba zote juu ya vioo. Akikutumia picha tu, achana naye, tafuta nyingine.