Kwa mnaoanza kutafsiri muvi za Kichina: mtawa wa Kibudha sio padri

Muvi yangu ya kwanza ilikuwa ya watawa wa Shaolin, na kila mtawa akiunganisha viganja na kusema "Amituofo" mimi naweka "Amina" nasonga mbele. Siku inaonyeshwa kibanda umiza, mtawa kaingia chumbani kakuta wageni, anasema Amina, dogo mmoja akauliza mbona kamaliza sala kabla hajaanza. Iliniuma maana alikuwa sahihi kabisa. Lile ni jina la Buddha Amitabha kwa Kichina, watawa wanalitumia kusalimia, kuaga, kushukuru, hata wakikuta maiti. Siku hizi naliacha hivyohivyo, hali ya pale inajieleza yenyewe na watu wanalizoea haraka sana.

Majina ndo usiyaguse kabla hujajua maana yake. Chukua Safari ya Magharibi, ile riwaya iliyochapwa 1592 ambayo muvi zake haziishi. Yule nguruwe anaitwa Zhu Bajie, na Bajie ni "miiko minane", yani mlafi kupindukia kabebeshwa jina la miiko, sasa we ukimwita Nguruwe tu basi kila akidokoa chakula utamu wote umepotea. Mimi namwita Bwana Miiko. Kwa Sun Wukong, yule tumbili, kuna mtego, Wukong ni mtu aliyeutambua utupu, lakini ukisema utupu huku kwetu watu wanaelewa uchi, kwahiyo nasema "aliyejua kuwa vitu havina kiini", ni ndefu ila nailazimisha iingie mdomo ukiwa bado unacheza.

Mwalimu wao Xuanzang alikuwepo kweli, alitembea mpaka India akarudi Chang'an, mji mkuu wa China enzi hizo, mwaka 645 na maandiko 657 ya Kibudha. Ila wa kwenye hadithi ni mwoga, analia hovyo, usimpe sauti ya komando. Huruma yake ndo inayomponza, anamwonea huruma hata jini lililojigeuza bibi kizee, na hapo sauti ikiwa ngumu mtazamaji anamwona mjinga wakati ni mtu mwema.

Halafu Guanyin, tafadhali usiandike malaika. Ni bodhisatva, yani aliye njiani kuwa Buddha na anayesaidia viumbe wengine, jina lake ni anayesikia vilio vya dunia, na tumbili akishindwa kabisa huwa anamkimbilia yeye. Mistari yake naisoma usiku mtaa umetulia, mdomo karibu na maiki, taratibu, kama mama anayemwamsha mtoto mwenye homa.