Bunduki nyepesi haizaliwi na msumeno

SWALI: Mimi ni mkazi wa Likoni na leseni ninayo. Mjomba amenialika kuwinda kwao Tanzania mwezi wa saba, lakini bunduki ya risasi za .30-06 niliyorithi kwa marehemu baba inakaribia kilo 4 na bega linaniuma. Madukani sioni nyepesi. Fundi mmoja anasema atakata mtutu na kuchonga kitako ibaki kilo 3. Nimkubalie?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Na huyo fundi muulize kwanza kama amesajiliwa. Nina hakika ataanza kutafuta simu yake mfukoni.

Madukani huzioni kwa sababu uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Nani ajaze kabati kwa mali isiyo na mteja? Kuagiza kunawezekana kupitia muuzaji aliyesajiliwa na kwa idhini ya Bodi ya Leseni za Silaha, ila usihesabu mwezi wa saba.

Kinachonichosha ni hii imani kwamba wepesi ni ubora, na kwamba unapatikana kwa kupunguza chuma. Kila mwezi naletewa bunduki iliyokatwa. Mdomo wa mtutu ndio unaoiaga risasi. Ukikatwa kwa msumeno wa karakana ukabaki umeenda upande, hata kwa unywele, risasi inatoka imesukumwa kando. Juu ya hapo mtutu mfupi hupunguza kasi ya risasi na kuongeza kishindo masikioni mwako.

Halafu kuna teke, yaani bunduki inavyokurudia begani ukifyatua. Kwa risasi ile ile, ukiitoa bunduki kilo 4 ukaifanya 3, nguvu ya teke inapanda kwa thuluthi. Baada ya risasi tatu bega limejifunza kuogopa: unafumba macho, unavuta kifyatulio kwa pupa, na swala anakimbia na risasi tumboni. Mjomba wako ndiye atakayeshinda akifuata damu ile vichakani hadi magharibi.

Nyepesi za kweli zipo. Tikka T3x Lite ya Ufini ni karibu kilo 3, na Kimber Mountain Ascent ya Marekani hushuka hadi kilo 2.2 hivi. Hizo zilibuniwa hivyo tangu mwanzo. Melvin Forbes, fundi wa bunduki wa West Virginia, Marekani, miaka ya 1980, aliunda mtambo (sehemu inayopokea na kufyatua risasi) mdogo unaolingana na risasi yake, akauwekea kitako cha nyuzi za Kevlar na grafiti. Wepesi wake haukutoka kwenye mtutu. Na bado uzito wa kwenye tangazo hauna darubini, risasi wala mkanda. Vikiingia, nusu kilo imerudi. Mitutu myembamba nayo hupata moto haraka, na mingine huanza kutawanya risasi. Ni bunduki za wapanda milima, wanaopiga mara moja au mbili kwa siku.

Nanyi mnaouziwa vitako vya plastiki sokoni kwa jina la "kaboni": kibane kwa vidole karibu na mtutu. Kikipinda kikagusa chuma, shabaha itahamahama. Kweli plastiki haivimbi kwa unyevu wa pwani kama mti, lakini ulegevu ni ugonjwa mwingine.

Bunduki ya mzee iache ilivyo. Peleka kwa fundi aliyesajiliwa akuwekee mpira mzuri wa kitako, na ununue mkanda mpana. Chukua wa nailoni. Wa ngozi hapa Mombasa huota ukungu kabatini kabla kusi haijatulia.