Chukua yenye bodi nzima, injini utaipata

Ndugu, umeuliza uchague ipi: gari aina ya Ford Mustang ya 1966 inayowaka lakini ina kutu, au ile ambayo injini imekufa ila bodi nzima. Chukua ya pili bila kusitasita. Injini yake ya 289 (V8, yaani silinda nane, ya inchi za ujazo 289) ilitengenezwa kwa wingi na vipuri vyake bado vinauzwa vipya. Kutu ndiyo inayomaliza watu pesa, maana gari hili halina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo chesisi.

Kabla ya kulipa, mwaga maji kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, kisha chungulia chini ya dashibodi. Yakidondokea pale pa kuwekea miguu, ndani pameoza, na fundi hafiki hapo bila kukata bati na kuchomelea upya. Ni kazi ndefu na ghali. Inua kapeti pia. Pitisha sumaku kwenye madigadi. Isiposhika, kuna puti nene chini ya rangi.

Muuzaji akikuambia ni V8 ya kiwandani, soma alama ya tano ya namba ya chesisi: C au A ni 289, T ni silinda 6.

Na nakuomba sana, badilisha masta silinda ya breki (pampu inayosukuma mafuta ya breki) kabla hujaingia barabarani. Ya 1966 ina njia moja tu: bomba likipasuka, unakosa breki magurudumu yote manne. Wanaong'ang'ania uasilia hata hapo siwaungi mkono kabisa.