Mbio za T38 si medali za huruma: jibu kwa mzazi aliyeuliza

Ndugu yangu, umeuliza kama mwanao mwenye mtindio wa ubongo, anayeburuta kidogo mguu wa kulia, anaweza kushindana kwa kweli, au kama medali za wanariadha wenye ulemavu hutolewa kwa huruma. Nakujibu nikiwa na hali hiyohiyo. Shuleni, kila siku ya michezo, kazi yangu ilikuwa kulinda viatu vya wenzangu.

Julai 2017 nilikuwa jukwaani London wakati Sophie Hahn wa Uingereza alipokimbia mita 100 za daraja la T38, yaani la wenye mtindio wa ubongo walioathirika kwa wepesi zaidi, kwa sekunde 12.44, rekodi mpya ya dunia. Waliokuwa nami, wote wenye miili mizima, hakuna ambaye angemkaribia.

Hahn, aliyezaliwa mwaka 1997, alivutiwa na Michezo ya Paralimpiki ya London ya 2012, na mwaka uliofuata tu akawa bingwa wa dunia wa mita 200 mjini Lyon. Alitwaa dhahabu ya mita 100 Rio mwaka 2016, akaitwaa tena Tokyo, ambako katika mchujo alifikia rekodi yake mwenyewe ya 12.38. Hata hivyo, Paris 2024 dhahabu ilikwenda kwa Karen Palomeque wa Kolombia, na hilo peke yake linatosha kumjibu anayedhani kwamba huko kuna mtu anayeachiwa nafasi.

Jambo litakalokuhusu zaidi ni upangaji wa madaraja. Wenye hali kama yetu wanaokimbia kwa miguu huwekwa kuanzia T35 hadi T38: T35 ni wale ambao ukakamavu wa misuli umeshika zaidi miguu yote miwili, T36 ni wenye miondoko isiyotulia, T37 ni walioathirika upande mmoja, na T38 ni wenye athari nyepesi zaidi, ingawa nyepesi hapa ni neno la wapimaji, si la mwenye mguu. Kwa maelezo yako, mwanao huenda akaangukia T37, lakini wapimaji ndio wenye kauli.

Usimlazimishe kuchuchumaa kwenye vibao vya kuanzia, kwa kuwa kanuni zinamruhusu kuanza akiwa amesimama. Mimi nilipoteza msimu mzima kwa ubishi huo. Ncha ya kiatu cha kulia ndiyo itakayolika kwanza, kwa hiyo weka akiba ya jozi nyingine mapema.