Picha Hupigwa Kwanza, Kuchukuliwa Baadaye

SWALI: Ninaandaa kwa Kiswahili maelezo ya picha za kihistoria za safari za anga za juu, zile ambazo umma umeruhusiwa kuziona na kuzitumia. Mahali zinapotunzwa nipaite kumbukumbu za picha, nyaraka za picha au hifadhi ya picha? Mfano wa maelezo yangu ni huu: "Picha hii ya Armstrong ilichukuliwa kwenye mwezi mwaka 1969 na sasa imo katika nyaraka za picha za NASA." Na je, niandikeje pale ambapo hatuna hakika ni nani aliyechukua picha?

JIBU: Andika "hifadhi ya picha". Nyaraka ni wingi wa waraka, neno lililotoka kwenye Kiarabu likiwa na maana ya karatasi, na maana hiyo bado imeling'ang'ania: msomaji akiona nyaraka anafikiria barua, mikataba na majalada. Kumbukumbu ni pana mno, maana kuna zilizo kabatini na kuna zilizo kichwani. Wapo wanaosema makavazi, nami sina ugomvi nao, ila wasomaji wengi watakuuliza maana yake. Hifadhi ni ndugu wa hafidhi, yule aliyeiweka Kurani moyoni isimpotee hata herufi. Neno hilo linatosha, na kila mtu analielewa.

Sasa niruhusu nijibu ambalo hukuuliza, kwa sababu ndilo lililonikera. Katika barua yako fupi kitenzi "kuchukua" kimejitokeza mara mbili, na mara zote mbili umekitwika mzigo usio wake. Picha hupigwa. Iwe ya harusi au ya sayari, iwe imetoka kwa mtu aliyeshika kamera au kwa chombo kisicho na mtu ndani, picha hupigwa. Anayeipiga tunamwita mpiga picha. Sijamwona bado fundi aliyejitangaza kuwa ni mchukua picha, na siku akitokea, wateja watamwuliza anazipeleka wapi.

Tunajua maradhi haya yalikoingilia. Kiingereza kina kitenzi kimoja, "take", wanachokitumia kwa kuchukua kikombe, kuchukua muda na kupiga picha, na mfasiri mwenye haraka akikutana nacho huokota maana ya kwanza iliyo karibu. Hilo la kwanza. La pili linaniudhi zaidi: wapo wanaoona haya kusema "kupiga" kwa sababu, ati, kupiga ni kuumiza. Hawa wameisahau lugha yao wenyewe. Tunapiga simu, tunapiga kura, tunapiga pasi, tunapiga hodi, tunapiga magoti, tunapiga mbizi, tunapiga muhuri, na hakuna anayepelekwa hospitali. Piga ni miongoni mwa vitenzi vyenye kazi nyingi kuliko vyote tulivyo navyo. Kukikwepa ili tuonekane wastaarabu ni kuitupa mali ya nyumbani na kwenda kuazima kwa jirani kitu chakavu.

Katika mazungumzo madhara yake ni madogo. Mtu akisema "tuchukue picha", watu watajipanga na kutabasamu, na maisha yataendelea. Wewe lakini unaandika maelezo ya hifadhi, tena hifadhi ya safari za anga, na huko kupiga na kuchukua ni matendo mawili tofauti yaliyofanywa kwa nyakati tofauti, pengine na watu tofauti. Ukiyachanganya unaiharibu historia yenyewe.

Tazama Apollo 11, safari ya kwanza iliyowafikisha watu mwezini. Julai 1969 Neil Armstrong na Buzz Aldrin walitembea mwezini wakiwa na kamera ya Hasselblad iliyotumia filamu ya milimita 70. Walipomaliza, kamera hiyo waliiacha palepale ili kupunguza uzito, wakachukua kasha la filamu tu na kurudi nalo. Katika safari zote sita zilizotua mwezini, kamera 12 za aina hiyo ziliachwa huko kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo picha zilipigwa, kisha zikachukuliwa, nazo kamera zilizopigiwa picha hazikuchukuliwa kabisa. Hapo hapo Armstrong na Aldrin walichukua mawe na udongo, zaidi ya kilo 21. Ukiandika katika ukurasa mmoja "sampuli zilizochukuliwa mwezini" na "picha zilizochukuliwa mwezini", kitenzi cha kwanza kinasema kweli na cha pili kinababaisha, maana msomaji atadhani mambo hayo mawili ni ya namna moja.

Nenda nyuma zaidi. Tarehe 24 Oktoba 1946, huko White Sands, uwanja wa majaribio ya roketi katika jimbo la New Mexico, Wamarekani walirusha roketi ya V-2 iliyofungwa kamera ya filamu ya milimita 35. Ilifika kimo cha kilomita 105 hivi, kamera ikipiga picha moja kila baada ya sekunde moja na nusu, halafu roketi ikaanguka jangwani. Kamera ilivunjikavunjika. Filamu ilinusurika kwa kuwa ilikuwa ndani ya kasha la chuma, watu wakaenda kuitafuta na kuiokota. Hizo ndizo picha za kwanza za Dunia kupigwa kutoka anga za juu. Nani "alizichukua"? Wale waliokwenda jangwani? Kiswahili kina jibu safi kabisa: kamera ilizipiga, watu wakaziokota.

Mfano wa Luna 3 unalimaliza kabisa shauri hili. Chombo hicho cha Muungano wa Kisovieti kilipita nyuma ya Mwezi tarehe 7 Oktoba 1959, kikapiga picha 29 za upande ambao hakuna mwanadamu aliyewahi kuuona. Hazikuwa picha za kidijitali. Chombo kilikuwa na filamu ya kweli, kikaisafisha chenyewe kwa dawa humo ndani, kikaikausha, kikaisoma kwa mwanga mstari baada ya mstari, kisha kikayatuma Duniani kwa redio yale kiliyoyasoma. Filamu yenyewe haikurudi. Hapa picha zilipigwa, zikasafishwa, zikatumwa, zikapokelewa. Vitenzi vinne, kila kimoja na hatua yake, na hakuna hata mkono mmoja uliochukua chochote. Mwandishi anayesema "Luna 3 ilichukua picha" ameufuta ufundi wote uliomfanya mtu aitazame picha hiyo yenye ukungu na kushangaa.

Wala sisemi kwamba kuchukua hakuna nafasi katika hifadhi za umma. Kuna nafasi kubwa, ndiyo maana nagombana. Mwaka 2015 Project Apollo Archive, hifadhi ya mtandaoni, iliweka kwenye Flickr, tovuti ya kuonyeshea picha, picha zaidi ya 8,400 za safari za Apollo, zilizoskaniwa kwa ubora wa juu kutoka kwenye filamu. Watu wakamiminika kuzichukua. Picha za NASA kwa kawaida hazifungwi na hakimiliki nchini Marekani, kwa hiyo mwalimu, mchoraji au mchapishaji anaweza kuzichukua na kuzitumia bila kulipa, ingawa nembo ya shirika hilo ina masharti yake. Hapo "kuchukua" kumekaa mahali pake, na "kupakua" pia. Sasa fikiria maelezo yanayosema "picha zilizochukuliwa mwaka 2015". Zilipigwa mwaka huo au zilipakuliwa mwaka huo? Katika hifadhi, tofauti hiyo inaweza kuwa ya karibu nusu karne.

Turudi kwenye sentensi yako, maana ina kidonda kingine: "Picha hii ya Armstrong." Ya Armstrong kwa vipi? Aliyeipiga, anayeonekana ndani yake, au mwenye mali? Kwa Apollo 11 swali hili si la kuchokonoa. Kamera ilikuwa mikononi mwa Armstrong kwa sehemu kubwa ya muda waliokuwa nje ya chombo, kwa hiyo karibu kila picha maarufu unayoijua inamwonyesha Aldrin. Picha zinazomwonyesha Armstrong akiwa juu ya mwezi ni chache mno. Mojawapo, yenye namba AS11-40-5886, aliipiga Aldrin, na ndani yake Armstrong anafanya kazi kando ya chombo akiwa ameipa kamera mgongo.

Chukua (naam, hapa ni sawa) picha namba AS11-40-5903. Umeiona hata kama hukujua namba yake: mtu aliyevaa vazi jeupe amesimama akitukabili, mkono wa kushoto umekunjwa, na kioo cha kofia yake kinang'aa kama dhahabu. Huyo ni Aldrin. Itazame kwa ukaribu, ndani ya kile kioo. Utaona chombo kilichowafikisha, utaona kivuli kirefu cha Aldrin mwenyewe, na katikati utaona umbo dogo jeupe lililosimama. Umbo hilo ni Armstrong, akiwa katika kitendo kilekile cha kupiga picha. Sasa niambie, "picha ya Armstrong iliyochukuliwa mwezini" inaeleza nini hapa? Inaweza kumfanya msomaji aamini kwamba anayemtazama ni Armstrong, na wengi sana wanaamini hivyo hadi leo.

Kiswahili kinaumaliza utata huo kwa herufi moja. "Picha aliyopiga Armstrong": yeye ndiye mwenye kamera. "Picha aliyopigwa Armstrong": yeye ndiye aliyetazamwa na kamera. Hiyo "w" ndogo imefanya kazi ambayo lugha nyingine zinaihitajia sentensi nzima. Tena unaweza kuyaunganisha: "picha aliyopigwa Aldrin na Armstrong", na hakuna shaka iliyobaki. Jaribu sasa na kitenzi chako. "Picha aliyochukua Armstrong" inakwenda kwa kuchechemea, lakini "picha aliyochukuliwa Aldrin" hainiingii hata kidogo, kana kwamba Aldrin alibebwa akapelekwa mahali. Kitenzi kinachoshindwa kutendwa ilhali kazi yenyewe ni ya kutenda na kutendwa, hicho si kitenzi cha kazi hiyo.

Na hizo namba usizitupe. AS ni Apollo na Saturn, roketi iliyowabeba. 11 ni safari. 40 ni kasha la filamu. 5903 ni picha yenyewe ndani ya mfululizo. Zibaki katika kila maelezo unayoandika, kwa sababu ndizo zitakazomfikisha msomaji kwenye picha halisi. Kwa 5903 jambo hili lina uzito, maana Armstrong aliipiga ikakata karibu kabisa na kofia ya Aldrin, na toleo lililozagaa magazetini liliongezewa weusi wa anga juu ili lipendeze. Kwa toleo hilo andika kwamba limehaririwa.

Kuna kitenzi kingine ninachokikubali kwa moyo mkunjufu, nacho ni kunasa. Kinafaa kwa kitu kilichopita ghafla kikanaswa na kamera bila kutarajiwa. Tarehe 8 Machi 1979 Voyager 1, chombo kisicho na mtu ndani, ikiwa imekwisha kuipita sayari ya Jupita, ilipiga picha ya mwezi wake uitwao Io kwa ajili ya kukadiria njia ya chombo. Siku iliyofuata mhandisi Linda Morabito aliongeza mwanga wa picha hiyo ili aone nyota hafifu, akakuta wingu limechomoza pembeni mwa Io. Ilikuwa volkano inayolipuka, ya kwanza kuonekana nje ya Dunia. Kamera ilipiga Io, ikanasa volkano. Ukiwa na vitenzi viwili vya namna hii huna sababu ya kwenda kuazima.

Sentensi yako basi iwe: "Picha hii, AS11-40-5903, aliyopigwa Aldrin na Armstrong mwezini mwaka 1969, imo katika hifadhi ya picha za NASA." Umeona nimeandika "mwezini". "Kwenye mwezi" si kosa, ila -ni ipo, ni fupi na haina gharama.

Kwa wanaosema "kuchukua picha" vinywani mwao, nimechoka kuwafukuza. Wako wengi kuliko mimi na wengine ni watu wazuri. Kwa maandishi ya hifadhi silegezi kamba hata kidogo.

Limebaki swali lako la mwisho, la pale mpiga picha asipojulikana kwa hakika. Kwanza chunguza, kwa sababu mara nyingine hifadhi yenyewe ina jibu. Ile picha ya Dunia ikichomoza juu ya ukingo wa Mwezi, AS08-14-2383, iliyopigwa na Apollo 8 tarehe 24 Desemba 1968, ilibishaniwa kwa miaka mingi kama ni ya Frank Borman au ya William Anders. Sauti za wanaanga zilizorekodiwa ndani ya chombo zikilinganishwa na mfuatano wa picha kwenye filamu, mpiga picha ni Anders, na ndiye pia aliyepiga ile ya rangi nyeusi na nyeupe iliyotangulia. Andika jina lake bila woga.

Ile ya Apollo 17 ni tofauti. Tarehe 7 Desemba 1972, wakiwa umbali wa kilomita 29,000 hivi, mmoja wa wanaanga watatu aliipiga Dunia nzima ikiwa imeangazwa na jua, karibu Afrika yote ikiwa wazi. Cernan, Evans na Schmitt hawakukubaliana ni nani aliyekuwa na kamera, na NASA huwapa sifa wote watatu. Nawe fanya hivyo: "AS17-148-22727. Ilipigwa na wanaanga wa Apollo 17. Kwenye filamu kusini kuko juu. Matoleo mengi yamegeuzwa."