Weka Ukungu Kwenye Bajeti

Kwa sababu yangu, mzee mmoja wa Kiyup'ik, mmoja wa wenyeji asilia wa huku, alilala mara tatu mfululizo kwenye viti vya uwanja wa ndege wa Bethel, magharibi mwa Alaska. Alikuwa anarudi kijijini kwake kando ya Bahari ya Bering baada ya mkutano Anchorage. Bajeti niliipanga mimi, na nilimwekea malazi ya siku mbili tu: siku ya kwenda, siku ya kikao, kwaheri. Ukungu ukatanda. Vindege vya viti tisa havikuruka, hela ya hoteli ilikuwa imekwisha, na mzee yule si mtu wa kupiga simu kulalamika. Nilikuja kujua juma zima baadaye, alipoleta risiti zake: kahawa, kahawa, mkate, kahawa.

Nilifika Alaska kwa miguu, kama tunavyotaniana sisi tuliotoka Bonde la Ufa na kupata nafasi ya chuo Anchorage kwa ajili ya mbio. Miguu ilipochoka nikabaki na shahada ya uhasibu. Nikaajiriwa na shirika la wenyeji asilia linalopokea ruzuku ya serikali ya shirikisho, ili watu wa vijijini washiriki kusimamia uwindaji wa ndege wanaohama. Namwandikia yeyote anayeshika daftari la fedha za aina hii, awe huku au kwenye jumuiya ya hifadhi kule nyumbani.

Kwanza ujue fedha hiyo ilitokana na nini. Mkataba wa 1916 kati ya Marekani na Uingereza, iliyosaini kwa niaba ya Kanada, ulifunga uwindaji wa ndege hawa kuanzia 10 Machi hadi 1 Septemba. Kwa mwindaji wa kusini, anayepiga bata baridi inapoanza, haikuwa shida. Lakini kaskazini ndege hufika Aprili na Mei, akiba ya majira ya baridi ikiwa inaelekea ukingoni, na Septemba wengi wanakuwa njiani kuondoka. Sheria ikawafanya watu wezi wa chakula chao wenyewe. Mwaka 1961, baada ya wawindaji kukamatwa kule Barrow, mji wa kaskazini kabisa mwa Alaska, wakazi 138 walijipeleka kwa ofisa wa wanyamapori, kila mmoja na bata wake, wakamwambia awakamate wote. Mwaka 1984 yakaja makubaliano ya kijiji cha Hooper Bay, ambako Wayup'ik walikubali kupunguza uwindaji wa bata bukini waliokuwa wakipungua. Kisha mkataba ule wa Kanada ukarekebishwa 1995, na mwingine kama huo wa Mexico 1997, ili uwindaji wa masika uruhusiwe. Baraza la usimamizi wa pamoja likaundwa 2000, na msimu wa kwanza halali ukafunguliwa 2003.

Baraza hilo lina pande tatu, kila upande kura moja: serikali ya shirikisho, jimbo la Alaska, na wenyeji asilia. Kwenye karatasi ni sawa kabisa. Sasa tazama nauli. Ofisa wa serikali anakuja kikaoni huku mshahara wake unaingia kama kawaida. Mwakilishi wa kijiji hana barabara ya kumtoa kwao. Anapanda kindege hadi mji wa karibu, halafu ndege kubwa hadi Anchorage, na kazi zake zote anaziacha zinamsubiri. Ruzuku ndiyo inayomfikisha. Mimi niliyekuwa nikikata safari ili bajeti ipendeze macho, nilikuwa napunguza kura bila kujua.

Kwa hiyo, kama huna muda wa kusoma yote, chukua hili: anza na safari, na hesabu siku za hali mbaya ya hewa kama siku za kazi. Usizifiche chini ya "mengineyo". Ziandikie mstari wake na uzieleze. Na kabla ya hapo, shirika lako liwe na sera ya safari iliyoandikwa, inayosema wazi kwamba msafiri aliyekwama kwa hali ya hewa analipiwa malazi na posho hadi atakapopata ndege. Mkaguzi hagombani na ukungu, anagomba na malipo yasiyo na sera. Sisi tulikuwa tumezoea kufanya hivyo kwa mdomo tu, na mdomo hauambatanishwi kwenye faili.

Kalenda nayo ilinifunza kwa aibu. Nilipanga kikao cha mkoa katikati ya Mei, nikakodi ukumbi wa shule kijijini, nikafika na makabrasha. Tulikuwa watatu: mimi, karani wa kijiji na birika la kahawa. Msimu hufunguliwa 2 Aprili, na Mei kila mwenye boti yuko kwenye bata bukini. Nilikuwa nimewaita watu waje kuzungumzia uwindaji siku ambazo wako kwenye kuwinda! Siku hizi siandiki tarehe yoyote kwenye maombi ya ruzuku kabla sijawauliza vijijini.

Usajili kwenye mfumo wa SAM, ambao bila huo hupati senti ya shirikisho, huisha kila mwaka. Uhuishe miezi miwili mapema. Sitaeleza nilivyojifunza.

Wazee wanaotoa maarifa walipwe, na fomu zao za kodi zijazwe kabla ya kikao, wala si baada, maana ukishamrudisha mtu kijijini karatasi hiyo unaweza kuingoja hadi theluji nyingine. Bahati nasibu ya galoni za petroli, ambayo ndiyo inayojaza ukumbi kijijini, itafutie fedha nyingine. Ya shirikisho usiiguse.

Tena usiishi kwa ruzuku moja. Serikali ya shirikisho ilipofungwa siku 35 kwa kukosa bajeti, kuanzia Desemba 2018 hadi Januari 2019, mashirika yasiyo na akiba yalijua maana ya fedha ya kurejeshewa baada ya kutumia. Weka akiba ya mishahara ya miezi miwili hata kama bodi inanung'unika.

Pengine fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote ni ya kumlipa kijana wa kijiji, msemaji wa Kiyup'ik, azunguke kaya kwa kaya akiuliza ndege wangapi wamepatikana. Kwa miaka mingi swali hilo lilikuwa la polisi. Watu walihitaji kulisikia kwa mtu wanayemjua, na kuhakikishiwa kuwa jina la kaya halitoki. Takwimu hizo zina faida. Nacaullek, bata bukini mwenye kichwa cheupe, alifungiwa msimu 1987 ukaja kufunguliwa 2017. Baraza huwezi kulishawishi kwa manung'uniko peke yake. Peleka idadi.

(Kando kidogo: kuna kidege cha gramu 25 hivi kinachozaliana Alaska na kwenda kupitisha baridi Afrika Mashariki. Hakina nauli wala posho. Namwonea wivu mhasibu wake.)

Yule mzee niliyemlaza uwanjani hakuwahi kunilaumu. Lakini kila mwaka ninapoanza kuandika maombi, simu hulia, na hana salamu ndefu.

"Umeweka ukungu?"

"Nimeweka, siku nne."

"Weka tano."