Jibu: Glavu za pikipiki kulowa wakati wa baridi

Mkuu, unasema glavu zako za Gore-Tex (zenye utando wa ndani usiopitisha maji) zinalowa ukipiga kazi na pikipiki Manchester mwezi wa Januari. Kabla hujazitupa, angalia mkono wa jaketi. Mvua huteremka nao na kuingia moja kwa moja kwenye glavu. Chomeka glavu ndani ya mkono wa jaketi, ukaze.

Kama ngozi ya nje inanyonya maji, utando wa ndani unaweza kuwa mzima, ila vidole vitaganda tu. Futa tope, zikauke, pulizia dawa ya kuzuia maji. Usizianike juu ya hita, ngozi inakakamaa. Niliua pea moja hivyo. Na usizivue kwa pupa mikono ikilowa, bitana itachomoka.

Mie nimeishia kufunga vifuko vya usukani, vile vinavyofunika vishikio na mikono yako ndani. Sura mbaya, vidole vikavu.